Maswali ya wasomaji: Maharaja na manawabu waliogoma kuingia India mpya

Toleo lililopita niliandika sentensi moja tu kwamba Hyderabad, ufalme mkubwa uliokuwa katikati ya India, iliingizwa India mwaka mmoja baada ya uhuru, nikapita zangu. Kumbe nimechokoza nyuki, maswali yamemiminika mpaka nimeshindwa kuyamaliza. Yaliyofanana nimeyaunganisha, na waliouliza kwa matusi kuhusu Kashmir nimewasamehe ila sijawachapa.

SWALI: Shikamoo mwalimu. Sisi shuleni tulifundishwa Mwingereza aliitawala India yote kama alivyoitawala Tanganyika, sasa hao wafalme wa kugoma wametokea wapi? Koloni si koloni tu? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. India ya Mwingereza ilikuwa vipande viwili vilivyochanganyikana. Kipande kimoja ni majimbo aliyoyatawala mwenyewe moja kwa moja, Bombay, Madras, Bengal na kadhalika, na kingine ni falme zaidi ya 560 zenye wenyewe, ambazo kwa pamoja zilishika kama mbili ya tano ya ardhi yote na karibu robo ya watu. Na usidhani zililingana, maana Hyderabad peke yake ilikuwa na kilomita za mraba kama 212,000, yaani inaikaribia Uganda nzima, halafu pale rasi ya Kathiawar, nchi ya Gujarat, kulikuwa na falme na vijifalme 222 vimebanana, vingine ni vijiji vichache tu na mzee mmoja mwenye kilemba anaitwa mtukufu.

Hao wote walikuwa na mikataba na taji la Uingereza: wewe kaa na kiti chako, kodi yako, mahakama yako, sisi tutashika mambo ya nje na ulinzi na tutakuwekea afisa wetu mmoja mlangoni akuangalie. Sasa ilipopitishwa sheria ya uhuru Julai 1947, Mwingereza akasema mikataba ile inakufa siku ileile anayoondoka, hairithiwi na India wala Pakistan, zile nchi mbili zilizozaliwa koloni lilipogawanywa, Pakistan ikiwa ya Waislamu. Kwa hiyo kwa karatasi kila maharaja akawa huru kuchagua, na hapo ndo kichwa kilipoanza kuwauma akina Nehru, waziri mkuu wa India mpya, maana ukichora ramani hiyo unapata nchi yenye matundu kila mahali, treni ikitoka Delhi kwenda Bombay inakatiza falme za watu.

Kazi ya kuziba matundu alipewa waziri Vallabhbhai Patel, na mtendaji wake alikuwa afisa mmoja anaitwa V. P. Menon, mtu aliyeanzia chini kabisa serikalini akapanda kwa akili yake. Ofisi yao ilifunguliwa mwanzoni mwa Julai 1947, uhuru ni Agosti 15, hesabu mwenyewe. Wakaja na hati fupi ya kujiunga yenye mambo matatu tu: ulinzi, mambo ya nje na mawasiliano. Mengine yote baki nayo. Tarehe 25 Julai Mountbatten, gavana mkuu wa mwisho wa Mwingereza, akawakusanya wakubwa hao Delhi akawaambia kwa lugha ya kistaarabu kwamba jirani yako huwezi kumkimbia, saini. Wengi wakasaini, kwa sababu kusema kweli dili halikuwa baya, na wachache walioona mbali walijua asiyesaini atabaki peke yake na raia wake mwenyewe, ambao walikuwa hawampendi kihivyo.

Hilo la raia liwekeni akilini, ndo limeamua karibu kila kesi hapa chini. Hati zilimtaja mfalme tu kana kwamba nchi ni shamba lake.

SWALI: Mwalimu kuna stori kwamba mfalme mmoja alimtolea afisa bastola siku ya kusaini, ni kweli au ni za vijiweni? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Ni kweli, na aliyetolewa bastola ni huyohuyo Menon, ambaye aliisimulia mwenyewe baadae. Mwenye bastola ni Maharaja Hanwant Singh wa Jodhpur, kijana wa miaka 24 hivi, ndo kwanza amerithi kiti, anapenda ndege na mazingaombwe. Jodhpur ilikuwa ya Wahindu na mfalme Mhindu, ila inapakana na Pakistan, kwa hiyo Jinnah, kiongozi wa Pakistan, akamwita yeye na mwana wa mfalme wa Jaisalmer, akawaahidi bandari ya Karachi waitumie bure, silaha waagize watakavyo, reli, na nafaka wakati wa njaa. Inasemekana alimsukumia karatasi tupu akamwambia andika unachotaka. Huyu wa Jaisalmer ndo akaharibu, akauliza siku Wahindu na Waislamu wakigombana sisi tutakuwa upande gani, na Hanwant Singh akaanza kusitasita.

Akaitwa Delhi fasta, wakambana, wakamuahidi na wao silaha na chakula na reli, akasaini. Mountbatten alipotoka chumbani kidogo, kijana akachomoa kalamu ambayo ndani yake ni bastola akamnyooshea Menon, akamwambia hakubali kuamrishwa. Menon akamjibu kama anavyojibiwa mtoto mtundu, aache michezo ya kitoto, basi ikaisha hivyo. Kalamu hiyo baadae ikaangukia mikononi mwa Mountbatten, naye akaipeleka kwenye chama cha wanamazingaombwe London alikokuwa mwanachama.

Ukitaka damu ya kweli nenda kusini, Travancore, Kerala ya leo. Kule waziri mkuu wa mfalme, Sir C. P. Ramaswami Iyer, alitangaza Juni 1947 kwamba Travancore itakuwa nchi huru, na alikuwa na jeuri ya kusema hivyo kwa sababu ufukwe wao una mchanga wa monazaiti wenye madini ya thoriamu, ambayo kipindi kile cha mbio za atomiki kila mkubwa wa dunia aliyatolea macho. Shida ni kwamba mwaka mmoja nyuma, Oktoba 1946, askari wake walikuwa wamewamiminia risasi wafanyakazi na wakulima kule Punnapra na Vayalar, watu wakafa wengi, kwa hiyo raia walikuwa na hasira naye kitambo. Tarehe 25 Julai anatoka kwenye tamasha la muziki mjini Thiruvananthapuram, kijana mmoja mjamaa akamvamia na kumkata usoni. Alipona, lakini siku tano tu baadae maharaja alikuwa ameshapeleka simu ya maandishi Delhi kwamba anajiunga.

SWALI: Je ni kweli Nawab wa Junagadh alikimbia na mbwa akawaacha wake zake? Nauliza kwa sababu babu wa jirani yetu Mhindi hapa alikuwa anatokea pande hizo na anasema Pakistan mpaka leo wanaidai. (Msomaji, Tanga)

JIBU: Jirani yako hajakudanganya. Junagadh iko Kathiawar, na familia nyingi za Wahindi wa Tanga, Unguja, Mombasa na Kampala asili yao ni ukanda huohuo, Porbandar, Jamnagar, Rajkot, na Kutch kwa juu kidogo. Wafalme wa Porbandar na Jamnagar walisaini India bila kelele. Junagadh ndo ikaleta mambo.

Nawab (cheo cha mtawala wa Kiislamu) Mahabat Khan alikuwa Mwislamu, watu wake kama laki sita na sabini, zaidi ya asilimia 80 Wahindu. Nchi haikupakana na Pakistan popote, ila ilikuwa na bandari ya Veraval, na kutoka hapo kwa bahari hadi Karachi ni kama maili 300. Waziri wake mkuu mwaka huo alikuwa Shah Nawaz Bhutto, mtu wa Sindh, ndiyo, baba yake yule Zulfikar Ali Bhutto aliyekuja kuitawala Pakistan. Agosti 15 wenzao wanapandisha bendera ya India, Junagadh ikatangaza imejiunga na Pakistan, na Delhi wakajua kwa kusoma magazeti. Pakistan yenyewe ilikaa kimya mwezi mzima, katikati ya Septemba ikakubali.

Vurugu ikaanza hapo. Kulikuwa na vitawala viwili vidogo vinavyohesabiwa chini ya Junagadh, Mangrol na Babariawad, ambavyo vikataka India, na yule Sheikh wa Mangrol maskini alisaini India kisha akarudi kwake akabanwa akatuma ujumbe kwamba amefuta saini yake. India ikasema hiyo haifutiki. Ikaweka askari mpakani, ikakata mkaa wa mawe, mafuta na biashara. Bombay nako wakaunda serikali ya muda ya Junagadh, mkuu wake Samaldas Gandhi, mtoto wa kaka yake Mahatma Gandhi, wakaenda Rajkot wakateka jumba la Nawab la huko, halafu vijana wao wakaanza kuchukua kijiji kimoja baada ya kingine. Mapato ya bandari na reli yakakauka, nafaka ikapungua, Wahindu wenye uwezo wakahama, na mwisho wa Oktoba Nawab akapanda ndege kwenda Karachi na familia, vito, pesa za hazina na mbwa wake awapendao.

Mbwa alikuwa nao mamia, wana vyumba na watumishi. Ile ya mke ni simulizi iliyoandikwa tokea enzi hizo: begum mmoja, yaani mke wake, alirudi kuchukua mtoto aliyesahaulika, huku nyuma viti vyake vikajazwa mbwa, ndege ikaondoka. Inachekesha lakini mimi huwa naona inamwonea kidogo, kwa sababu mtu huyuhuyu ndiye aliyeendeleza marufuku ya kuwinda simba wa Gir, na bila ukoo wake leo hakuna simba porini Asia nzima. Kwa siasa alikuwa hana habari. Aliyeachiwa msala ni Bhutto, hazina tupu, polisi hawalipwi, ndo mapema Novemba akaandika barua kuiomba India ije ishike utawala. India ikaingia Novemba 9.

Februari 20, 1948 wakapiga kura ya maoni. Zilipigwa kura 190,870, na zilizotaka Pakistan ni 91. Tisini na moja, sijakosea. Sawa, kura imepigwa jeshi la India lipo mjini, namba kama hizo popote duniani zinafanya mtu akune kichwa, lakini hata ungepunguza nusu matokeo yangekuwa yaleyale. Pakistan haikukubali, na ramani rasmi waliyotoa Agosti 2020 inaionesha Junagadh kama yao.

SWALI: Naomba utuelezee Hyderabad kwa kirefu mwalimu, usitubanie. Nizam alikuwa na pesa, jeshi, kila kitu, ilikuwaje akaanguka ndani ya siku tano? (Wasomaji watatu, Dar es Salaam, Zanzibar na Birmingham)

JIBU: Mmeuliza kitu chenyewe. Mir Osman Ali Khan, Nizam (ndo cheo cha mfalme wa Hyderabad) wa saba, alikaa kwenye kiti toka 1911, na mwaka 1937 jarida la Marekani la Time lilimweka jaladani kama tajiri kuliko wote duniani. Alikuwa na almasi ya karati 184 anatumia kuzuia karatasi zisipeperuke mezani, huku yeye mwenyewe kavaa kofia kuukuu na anavuta sigara za bei ya chini. Nchi yake ilikuwa na watu zaidi ya milioni 16, sarafu yake, reli yake, redio, ndege, chuo kikuu kinachofundisha kwa Kiurdu. Waingereza walimpa cheo cha Mshirika Mwaminifu kwa jinsi alivyowachangia kwenye vita vya kwanza vya dunia. Mtu wa hivyo umwambie asaini karatasi sawa na yule mwenye vijiji vitatu? Juni 1947 akatoa amri kwamba Mwingereza akiondoka yeye ni nchi huru.

Angalieni ramani lakini. Hyderabad iko katikati kabisa ya India, haina bahari, pande zote ni India. Walifikia hadi kuzungumza na Wareno juu ya bandari ya Goa. Na ndani, asilimia kama 85 ya watu ni Wahindu wakati maafisa, polisi na jeshi kwa sehemu kubwa ni Waislamu. Halafu kule Telangana, mashariki, mabwana shamba waliwafanyisha wakulima kazi za bure, na toka 1946 wakulima wakiongozwa na wakomunisti walikuwa wamechukua silaha, wanagawana ardhi na kufukuza wenye mashamba. Kwa hiyo kabla India haijagusa mpaka, Nizam alikuwa tayari ana vita nyumbani kwake. Watu wanaosimulia habari hii kama Wahindu na Waislamu tu huwa wanairuka sehemu hii, na kwangu mimi ndo kitovu chenyewe, maana wakulima wale hawakumpigania Patel wala Nizam, na baada ya India kuingia waliendelea kupigana na jeshi la India mpaka 1951.

Upande wa mfalme akainuka wakili mmoja, Qasim Razvi, na wanamgambo wake Razakari. Mwanzo walikuwa wa kumlinda mfalme, baadae mfalme akawa mateka wao. Mwisho wa Oktoba 1947 baraza la Nizam lilikuwa limekubali mkataba na India wa kuacha mambo yalivyo kwa mwaka mmoja, wajumbe wapande ndege kwenda Delhi, alfajiri Razakari wakazingira nyumba zao, safari ikafa. Mmojawapo alikuwa mwanasheria Mwingereza, Sir Walter Monckton, mshauri wa Nizam, akabwaga manyanga. Baada ya mwezi mmoja, Novemba 29, mkataba uleule karibu ulivyo ukasainiwa, lakini na wajumbe wengine na waziri mkuu mpya, Laik Ali.

Mkataba huo kila upande ukauvunja. India ikabana bidhaa zisiingie, Hyderabad ikakopesha Pakistan rupia milioni 200, na rubani mmoja Mwaustralia, Sidney Cotton, akawa anarusha silaha usiku kutoka Karachi. Razakari wakachoma vijiji, wakaua na kubaka, na Waislamu waliopinga nao hawakupona: mhariri mmoja kijana, Shoebullah Khan, aliyeandika kwamba Hyderabad ijiunge na India, aliuawa barabarani Agosti 1948 na mkono wake ukakatwa. Mwezi huohuo serikali ya Nizam ikapeleka malalamiko Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Septemba 11 Jinnah akafariki. Septemba 13 India ikaingia kutoka pande kadhaa, kubwa ni ile ya Sholapur magharibi chini ya Meja Jenerali J. N. Chaudhuri. Wakaiita operesheni ya polisi ili isionekane vita kati ya nchi mbili, ila polisi gani wana vifaru. Jeshi la Nizam lilikuwa na silaha kidogo na Razakari wengi walikuwa na mikuki na bunduki za kizamani, tarehe 17 Nizam akatangaza redioni amesimamisha mapigano, tarehe 18 mkuu wa jeshi lake El Edroos akajisalimisha kwa Chaudhuri. Umoja wa Mataifa ndo kwanza ulikuwa umeanza kusikiliza shauri, tarehe 16.

Mkiishia hapo mtasema vita ilikuwa nyepesi. Kilichofuata kilikuwa kizito zaidi. Waislamu wa vijijini, hasa wilaya za magharibi, Osmanabad, Gulbarga, Bidar, Nanded, walilipiziwa kisasi cha Razakari, ambao wengi wao walishakimbia au kukamatwa. Nehru akatuma tume iliyoongozwa na Pandit Sunderlal, na ripoti yao ikakadiria waliouawa ni angalau kati ya 27,000 na 40,000, ikasema kuna sehemu askari wenyewe walihusika. Serikali ikaifungia kabatini miongo na miongo. Nizam mwenyewe hakuguswa hata kidogo. Patel alipotua uwanja wa Begumpet Februari 1949 mzee alimsubiri pale akamsalimu kwa viganja viwili vilivyounganishwa, na 1950 akafanywa mkuu wa heshima wa jimbo, cheo alichobaki nacho mpaka Hyderabad ilipogawanywa mwaka 1956.

SWALI: Ni kweli walinzi wa Nizam walikuwa watu weusi kutoka huku kwetu? (Msomaji, Bagamoyo)

JIBU: Alikuwa na kikosi cha farasi cha walinzi Waafrika, wazao wa watu waliopelekwa India kama watumwa na askari kutoka Uhabeshi na pwani hii yetu, ambao kule huitwa Wahabshi au Wasiddi. Kikosi kilivunjwa baada ya Hyderabad kuingia India lakini mtaa walioishi bado upo mjini na unaitwa A. C. Guards, kifupi cha African Cavalry Guards, na wajukuu zao wapo hapo, wanaongea Kiurdu kama majirani.

Cha kushangaza zaidi, kuna falme mbili ambazo mfalme mwenyewe alikuwa Msiddi, Janjira yenye ile ngome ya baharini kusini ya Bombay ambayo mfalme Shivaji na Wamaratha wake waliihangaikia wakashindwa, na Sachin kule Gujarat. Hao hawakugoma, wakasaini, na 1948 nchi zao zikamezwa na jimbo la Bombay.

SWALI: Mwalimu kuwa mkweli, India Junagadh walisema raia ndo waamue, Kashmir wakasema saini ya maharaja inatosha. Huo si unafiki? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Ni unafiki, na Pakistan nao wakafanya uleule ukiwa umegeuzwa: Junagadh saini ya mfalme takatifu, Kashmir raia waulizwe. Hari Singh wa Kashmir, Mhindu mwenye raia wengi Waislamu, alivuta muda akitaka kubaki huru mpaka wapiganaji wa makabila kutoka upande wa Pakistan walipoingia Oktoba 22, 1947, akasaini India tarehe 26, askari wakapelekwa Srinagar kwa ndege kesho yake. India iliahidi kura ya maoni hali ikitulia, na kura hiyo haijapigwa mpaka leo. Zaidi ya hapo ni toleo zima peke yake.

SWALI: Asalaam alaykum mwalimu. Mbona kila mtu anaisema India tu, kwani Pakistan haikuwa na wafalme? Sisi ni Wabulushi wa Mombasa, wazee wanataja Kalat na Makran. (Msomaji, Makadara)

JIBU: Waalaykum salaam, na ahsante kwa kuuliza, maana hii huwa inasahauliwa. Kalat, ufalme wa Wabulushi kule Balochistan, Pakistan ya leo, ilikuwa ya Khan Mir Ahmad Yar Khan, na kichekesho ni kwamba wakili aliyemwajiri aitetee Kalat kwa Waingereza kuwa ni nchi ya pekee alikuwa Jinnah mwenyewe. Agosti 1947 Khan akatangaza uhuru, na mabaraza yake mawili, la wananchi na la masardari, yaani machifu wa makabila, yote yakakataa kujiunga na Pakistan, kwamba Uislamu peke yake hautoshi kumfanya mtu raia wa nchi fulani. Safari hii raia na mfalme, au angalau wajumbe wao, walikuwa upande mmoja, na bado haikusaidia. Jinnah akabadilika, akaanza kumbana. Machi 1948 Pakistan ikawachukua kwanza Kharan, Las Bela na Makran waliokuwa wakihesabika chini ya Khan, Kalat ikabaki haina pwani, na mwisho wa mwezi huohuo, redio ya India ilipotangaza eti Khan ameomba kujiunga India akakataliwa, akasaini Pakistan. Mdogo wake, Agha Abdul Karim, akaingia Afghanistan na watu wake kupinga, akarudi baada ya miezi michache akakamatwa. Manung'uniko ya Balochistan ya leo wenyewe wanayahesabu tokea hapo.

Wazee wenu basi walitoka huko Makran, wengi wakiwa askari wa masultani wa Oman, ndo wakafika Fort Jesus na Unguja. Na Gwadar, bandari ya pwani hiyohiyo, ilikuwa mikononi mwa Oman toka mwisho wa karne ya 18 Khan wa Kalat alipompa mwanamfalme wa Oman. Pakistan iliinunua kwa Sultan Said bin Taimur mwaka 1958, pauni milioni tatu. Kwa hiyo miaka 11 baada ya Pakistan kupata uhuru, kipande cha pwani yake kilikuwa bado cha Maskati.

SWALI: Waliosaini walilipwa nini, na zile pesa za Nizam zilienda wapi? (Msomaji, Arusha)

JIBU: Walipewa posho ya kila mwaka isiyokatwa kodi, ikaandikwa hadi kwenye katiba. Nizam alianza na rupia milioni tano kwa mwaka, na wa mwisho kabisa, mkuu wa Katodia, alikuwa anachukua rupia 192, nadhani kuzifuata ilimgharimu zaidi. Yale mambo matatu ya kwenye hati yakageuka kuwa yote ndani ya miaka miwili, falme zikaunganishwa kuwa majimbo, na Desemba 1971 waziri mkuu Indira Gandhi akabadilisha katiba akafuta posho na vyeo vyote, baada ya mahakama ya juu kabisa kumkatalia mwaka mmoja kabla alipojaribu kufuta kwa amri ya rais.

Pesa ya Nizam iliyoleta kesi ndefu ni ile ya London. Siku zilezile za Septemba 1948 Hyderabad inaanguka, watu wake walihamisha pauni milioni moja na elfu saba na kidogo kwenye akaunti ya balozi wa Pakistan London. Siku chache baadae Nizam akasema hakuwaagiza, anazitaka. Benki ikakataa kumpa yeyote mpaka wakubaliane, Pakistan ikajikinga na kinga ya kidola, na bunge la mabwana la Uingereza, ambalo enzi hizo ndo lilikuwa mahakama ya mwisho, 1957 likaikubali kinga hiyo, basi pesa ikalala benki inazaa riba. Mwaka 2013 Pakistan yenyewe ikafungua kesi, kosa kubwa, maana kwa kushtaki iliondoa kinga yake. Oktoba 2019 jaji akaamua pesa ni ya Nizam, kwa hiyo ni ya wajukuu zake wawili na India, ambao walikuwa wameshaelewana pembeni namna ya kugawana. Ilikuwa imefika pauni milioni 35, na Pakistan ikalipishwa sehemu kubwa ya gharama za mawakili wa wenzao.